Mara Saba Kabla ya Jua

Ishiara,
9 Machi 1986

Kwa Mama yangu Kawira,

Pokea salamu. Mimi niko mzima. Mgongo ndio inalia asubuhi, jua ikipanda inanyamaza. Wewe uko namna gani? Baridi ya huko Uingereza imepungua? Unakula? Mbuzi wote wako, ile nyeupe imezaa.

Barua hii nimeandika mimi mwenyewe na mkono yangu. Zile zingine zote aliandika katekista, na alikuwa anaongeza maneno ya Mungu yenye mimi sikusema. Sasa niko kwa ngumbaru. Sisi wazee tunakaa kwa madawati ya watoto, magoti inagusa kidevu. Mwalimu anaitwa Ednah, ni mkali. Anafundisha Kiswahili, ndio maana naandika Kiswahili. Kimbeere naongea tu, kuandika sijui. Usicheke.

Kazi ni ile ile ya kupasua mawe. Lakini nimepata nyundo. Kuna mtu wa Mikinduri, anaitwa Mukiri, anazunguka akinunua vyuma kuukuu. Alikuwa na chuma moja imemshinda kuuza. Aliitoa kwa kambi ya wazungu walikuwa wanaunganisha mabomba, wakamaliza wakaenda. Ni kama ngumi mbili tu, lakini ukiinua unafikiri umeinua kichwa ya ng'ombe. Iko na tundu katikati. Nilimpa jogoo. Nikapitisha fimbo ya chuma kwa hiyo tundu, nikaikaza, nikafunga mpira ya tairi, ikawa nyundo. Mawe inafunguka kama mahindi imeiva.

Krismasi nilipanda Kanja, kule juu kwa baridi, nikalima nyasi kwa kaburi ya mama yako. Mjomba wako Salesio bado anasema ile ile. Ati mimi ni mtu wa Mbeere, dada yake amekufa, nirudi kwetu kwa joto. Nikamwambia hiyo shamba nilipewa na baba yake mwenyewe, wakati yeye alikuwa anachunga. Bibi yangu amelala hapo. Mimi nitalala kando yake. Sitoki.

Watu wananiuliza unafanya nini huko. Nasema anasoma. Wanasema miaka ngapi? Niambie kazi yako kwa maneno yenye naweza kusema mbele ya watu.

Ni mimi baba yako,
Kithaka


Uingereza,
2 Aprili 1986

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mgongo ukiwa umenyamaza. Mimi ni mzima. Baridi haijapungua, lakini nakula, na nguo ninazo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nilijua si ya katekista hata kabla hujasema, maana haikuwa na Zaburi. Ukiniita mama nasikia kama nyanya amefufuka na jina lake. Usiache ngumbaru hata magoti yakifika puani.

Umeuliza kazi yangu. Kazi yangu ni kuvunja chuma. Nasema kweli. Kuna nyundo kubwa imening'inizwa kama bembea. Naweka chini yake kipande cha chuma urefu wa kidole, nimekikata alama katikati, kama wewe unavyoweka alama kwenye jiwe kabla ya kulipasua. Naiachilia nyundo. Inashuka, inapiga, inapita, inapanda upande wa pili. Ikipanda juu sana, chuma kilikuwa dhaifu, hakikuichosha. Ikipanda kidogo, chuma kilikula nguvu ya nyundo kabla ya kuvunjika. Naandika, naweka kingine. Vingine napiga vikitoka kwenye barafu, vingine vikitoka kwenye maji moto.

Chuma chenyewe si cha majembe. Kinaitwa urani. Ni kizito kuliko risasi, na kinatoa miale midogo isiyoonekana kwa macho, kwa hivyo tunavaa glavu na hatuvuti vumbi lake. Usiogope. Hiki chetu ni kile hafifu, kilichobaki baada ya wenye mabomu kuchukua sehemu yao. Watu wa ndege wanakitumia kama uzito, kwa hivyo wanataka kujua kitavunjika lini.

Mjomba Salesio usimjibu kwa ukali. Mwache aseme, atachoka.

Nitarudi nyumbani Desemba.

Binti yako, na mama yako,
Kawira


Ishiara,
27 Aprili 1986

Kwa Mama Kawira,

Salamu tena. Hapa kuna uzima. Mvua ilinyesha siku tatu ikakumbuka kitu ikaenda. Glavu ni za aina gani? Zinafika wapi? Vaa mpaka kwa kiwiko.

Barua nimesoma. Mwalimu Ednah pia amesoma. Hatujaelewa.

Umepanda ndege, umesoma miaka sita, kwenda kuvunja chuma. Mimi ningekufundisha hapa. Na hapa mtu akivunja chuma ya mwenyewe anafukuzwa, huko wanamwambia aweke ingine. Na kwa nini mpige chuma imetoka kwa barafu? Imekosa nini? Na kama inavunjika, si wachukue chuma ingine? Mwalimu anasema labda ni utafiti. Nikamuuliza utafiti ni nini, akasema ni hiyo.

Kwa watu nimesema unafanya kazi ya nyundo, kama baba yako. Wameacha kuuliza.

Sasa mimi nikuulize ya nyundo yangu. Iko na mambo. Nikiinoa pembe na tupa inatoa cheche nyingi sana, nyeupe, kama mtu amewasha kiberiti kumi. Wale wa hapa kwa mawe wanakuja kutazama, wananiambia noa tena mzee. Unga yake ni nyeusi. Nilikusanya kidogo kwa kifuniko ya mkebe ya mafuta ya Kimbo, nikasugua na tupa, ikashika moto yenyewe. Tulicheka sana. Lakini kwa jua hii ya Ishiara naipiga siku nzima haipasuki. Inabonyea kidogo kwa uso, basi.

Salesio ameleta neno. Anajenga nyumba ya mawe kule Kanja, anataka nimsaidie kuchonga. Amesema nikuje na ile nyundo, amesikia habari yake. Nimekubali. Labda tukifanya kazi pamoja maneno itaisha. Nitapanda mwezi ya sita.

Baba yako,
Kithaka


Uingereza,
18 Mei 1986

Baba,

Uko mzima? Unakohoa? Mkojo wako una rangi ya kawaida? Nisamehe kuuliza hivyo, lakini nijibu.

Usiinoe tena hiyo nyundo. Hata mara moja.

Nilimfasiria mkubwa wangu wa kazini barua yako. Nilipofika kwenye cheche aliweka kikombe chini akauliza ni nyeupe au za manjano. Nikasema nyeupe. Akauliza ukubwa, nikamwonyesha ngumi mbili. Akauliza uzito, nikamwambia kichwa cha ng'ombe. Hakucheka.

Baba, tunafikiri ni urani. Watu wanaokagua mabomba yaliyounganishwa hutumia kisanduku chenye dawa kali ya miale ndani, na urani huwekwa kuizunguka kama ukuta. Tundu ulilopitisha fimbo ndimo dawa ilimokaa. Mkubwa wangu anasema kama tundu lilikuwa tupu, ile mbaya zaidi haimo. Hiki chenyewe hakitakuua kwa kukishika. Vumbi ndilo baya. Likiingia mwilini linaharibu mafigo. Kifunge kwenye gunia, kiweke mbali na nyumba na mbali na mbuzi. Nawa mikono kabla ya kula. Kile kifuniko cha Kimbo kizike.

Niambie kama Mukiri ana vingine.

Tafadhali nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Binti yako,
Kawira


Kanja,
20 Julai 1986

Kwa Mama Kawira,

Nakusalimu. Mimi mwili ni mzima. Mkojo ni kawaida. Baridi ya Kanja mwezi hii imenishika, ukungu haitoki mpaka saa nne. Wewe je?

Kuna jambo mbaya.

Barua yako ilienda Ishiara, mimi nilikuwa nimepanda huku. Mwalimu Ednah aliituma na mtu. Ilinifikia tarehe kumi na mbili. Jambo ilikuwa imetokea tarehe nane.

Ilikuwa asubuhi. Nyundo ililala nje kwa umande. Salesio alishika tindo, mimi napiga, kama mawe ya nguzo inavyochongwa, mmoja anashika, mwingine anapiga. Nilipiga mara tatu. Ya nne nyundo ikapasuka. Sio fimbo. Kichwa yenyewe, katikati, kama sahani. Kipande ndogo ikaruka ikaingia kwa jicho ya Salesio. Ya kushoto. Tulimpeleka hospitali Embu. Wameitoa jicho.

Mimi nimeipiga hiyo nyundo miezi mitatu kule chini. Mawe ngumu kuliko haya. Haikupasuka. Imekuja hapa, siku ya kwanza ya kuchonga, mbele ya huyu mtu tunagombana, imepasuka. Hata mimi naona vile inaonekana. Nauliza mikono yangu kama ilijua kitu. Sijui.

Salesio amerudi, kichwa imefungwa. Amesema mbele ya watu kwamba nilileta chuma ya uchawi kutoka Mbeere. Ati watu wetu huko chini wanajulikana. Nikasema wewe ndio uliniambia niilete. Akasema ndiyo, ulitangaza habari yake ndio niiite, ulijipanga.

Nikafanya makosa moja. Nilisoma barua yako mbele yao. Ile yenye inasema ni sumu, ina miale, usiinoe. Nilifikiri itanisaidia. Bibi ya Salesio akasema: unasikia, hata mtoto wake anajua ni sumu. Sasa wanasema tulijua wote wawili.

Wakaita Njoka, yule mzee mhunzi. Njoka akasema chuma imemwaga damu, wacha chuma iseme. Ni kiapo ya wahunzi, ya zamani. Nusu ya nyundo itawekwa juu ya jiwe, na mimi niipige na nyundo ya Njoka mara saba, kabla ya jua kuigusa. Saba ni namba ya kiapo, hiyo unajua. Ikikaa nzima, sina kosa, na Salesio hatasema tena habari ya shamba. Ikivunjika, nina kosa, natoka Kanja nikishavuna maharagwe. Katekista amekataa kusikia, amesema hiyo ni mambo ya giza, lakini hajasema nifanye nini ingine.

Siku ni Jumamosi tarehe kumi na sita mwezi ya nane. Nimekubali. Sina wasiwasi. Mimi sikufanya. Chuma haiwezi kusema nilifanya.

Kaburi iko sawa.

Baba yako,
Kithaka


SIMU YA MAANDISHI
5 AGOSTI 1986

KITHAKA KANJA EMBU
CHUMA HIKI HUVUNJIKA KWA BARIDI. SI KOSA LAKO. USIPIGE ASUBUHI. OMBA MCHANA. BARUA INAKUJA. KAWIRA


Uingereza,
5 Agosti 1986

Baba yangu,

Natumaini simu imekufikia kabla ya barua hii, na barua hii kabla ya Jumamosi. Pole kwa hayo. Mpe mjomba pole yangu pia, hata kama hataipokea.

Itavunjika. Nakuambia kama ninavyojua jina langu. Ukikipiga chuma hicho alfajiri Kanja mwezi wa nane, kitavunjika, awe anayepiga ni wewe, au Njoka, au askofu.

Hii ndiyo kazi yangu uliyouliza na hukuielewa, na mimi sikueleza vizuri. Wiki iliyopita niliweka vipande kumi. Vile vya kwenye barafu nyundo ilipita kama haikukuta kitu. Vya maji moto viliishika nyundo, vikapinda kwanza. Chuma kimoja, kimekatwa kwenye kipande kimoja, siku moja. Tofauti ni joto tu. Chuma cha jembe pia kina tabia hiyo, lakini kinataka baridi kubwa kuliko ya Kanja. Hiki baridi ya Kanja inakitosha. Na umande unakizidishia, kikikaa kwenye unyevu kinazidi kuwa rahisi kuvunjika ghafla.

Unakumbuka ulipokuwa na mizinga ya nyuki? Ulinipa nta asubuhi nikaivunja kama biskuti. Mchana ukanipa ile ile nikaikunja kwa vidole. Ukasema nta ina asubuhi yake. Basi chuma hicho kina asubuhi yake. Ishiara hakuna asubuhi hiyo. Ndiyo sababu kule chini hakikupasuka.

Baba, niliandika ukurasa mzima juu ya vumbi. Juu ya baridi sikuandika hata neno, na nilikuwa nimekivunja kwa mikono yangu siku hiyo hiyo. Sikufikiri kwamba utapanda nacho Kanja. Jicho la mjomba liko juu yangu, si juu yako.

Waombe mpige saa nane mchana, jiwe likiwa na jua. Wakikataa, kifunge nguoni, kikae na joto la mwili mpaka dakika ya mwisho. Sijui kama joto la mwili litatosha. Linaweza kutosha. Hakuna atakayejua.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho nikaifuta, nikaiandika tena. Wewe ndiye utakayekuwa mbele ya jiwe.

Binti yako,
Kawira


Uingereza,
31 Agosti 1986

Baba,

Salamu. Mimi ni mzima. Sijapata barua.

Nimehesabu siku. Kama uliandika Jumapili ile, ingekuwa imefika. Kila asubuhi naweka vipande kwenye barafu na mikono yangu haitaki. Mkubwa wangu ameniuliza kama nimeugua.

Sijui niandike Kanja au Ishiara, kwa hivyo nimeandika barua hii mara mbili. Moja inakuja huku, nyingine kule. Popote ulipo, jibu.

Binti yako,
Kawira


Kanja,
28 Septemba 1986

Kwa Mama Kawira,

Nakusalimu. Mimi niko. Maharagwe imeingia ndani, kidogo lakini iko. Barua zako zote mbili nimepata, ya Ishiara na ya Kanja. Nimezilinganisha. Ni sawa. Nilikuwa siandiki kwa sababu sikujua niandike nini. Hata sasa sijui, lakini naandika.

Ile simu ilikuja kwa shule Alhamisi. Barua ikaja Ijumaa. Nilisoma polepole, maneno yote.

Nilienda kuomba mchana. Njoka akasema kiapo haina saa nane. Salesio akasema unaona, ameanza kuogopa. Nikarudi.

Jumamosi nilitoka nikiwa na hiyo nusu ndani ya shati, kwa tumbo, na sweta mbili juu. Ilikuwa imeshika joto kama kifaranga. Watu walikuwa huko tayari, ukungu imefunika, unasikia tu kukohoa. Nilifika kwa lango ya Salesio nikasimama. Nikafikiri: kama sina kosa, hapa kwa tumbo naficha nini? Nikitoka hapa nimeshinda, nitakuwa najua. Na Salesio jicho haitarudi. Nikaitoa nikaiweka kwa nyasi, kwa umande. Nilisimama hapo mpaka Njoka akaniita. Mkono iliposhika tena ilikuwa baridi kama chura.

Unaweza kunikasirikia. Sio kwamba sikukuamini. Nilikuamini nusu. Nusu ingine nilifikiri Mungu ananijua, atashika hiyo chuma.

Nilipiga moja. Nikapiga mbili. Ikavunjika. Vipande vitatu.

Wanawake wakavuta pumzi. Njoka akasema, "Imesema." Nilifikiri Salesio atafurahi. Alikuwa anaangalia chini na hiyo jicho moja.

Ndio nikatoa barua yako nikasoma. Mambo ya barafu na maji moto. Mambo ya nta. Unajua nasoma vile mtu anavuka mto kwa mawe. Wengine walienda kabla sijafika katikati. Bibi ya Salesio akacheka, akasema barua ya kabla ni ushahidi, barua ya baadaye ni kisingizio. Pengine ni kweli. Ningesoma kwanza. Lakini ile ya sumu nilisoma kwanza na ikaniumiza. Mtu atajua aje barua gani ni ya kusoma na gani ni ya kunyamaza?

Njoka alibaki. Alikuwa anafunga nyundo yake. Akaniambia polepole kwamba baba yake, wakati wa baridi, akienda kukata mti, alikuwa anaweka shoka kwa kwapa kwanza. Ati shoka ikilala nje inauma mti vibaya, inapasuka mdomo. Nikamwambia, "Kumbe ulijua. Mbona hukusema?"

Akasema, "Hakuna mtu aliniuliza mambo ya shoka. Mliniuliza mambo ya kiapo."

Nilitaka kumpiga. Halafu nikaona hata yeye amechanganyikiwa. Ameshika hizo vitu mbili kwa kichwa moja miaka yote, na hazijawahi kukutana.

Basi nikakaa nikingoja maharagwe. Nililima kaburi tena, hata hakukuwa na nyasi. Niliuza mbuzi wawili ili wa kuhamisha wawe wachache. Salesio sikumwona wiki tano. Vile vipande sikujua ziko wapi, na nilikuwa nimekumbuka maneno yako ya sumu, nikatafuta kwa nyasi, sikupata.

Juzi Jumanne mchana Salesio akaja. Amebeba gazeti imekunjwa. Akaweka chini kwa mlango. Akafungua. Ndani kuna chuma. Moja imekuwa vipande vidogo vidogo. Ingine iko nzima, lakini imebonyea kama udongo imekanyagwa na ng'ombe.

Akasema, "Hii ililala nje. Hii nilichemsha."

Nikageuza ile nzima na kijiti.

Akasema, "Nimepiga mara saba. Kithaka, mara saba. Imekataa kuvunjika."

Alichemsha kwa sufuria yao ya kupikia githeri. Hiyo sufuria tumetupa kwa shimo ya choo, usiulize zaidi. Bibi yake hatuongei na yeye sasa, sisi wote wawili.

Nikamwambia basi unaona. Akasema anaona nusu. Sijui kama ilikuwa mzaha. Hakucheka, mimi pia sikucheka. Tukakaa. Akasema jicho hairudi. Nikasema hairudi. Akasema nyumba haijaisha. Nikasema hata mimi nimeona. Akaniuliza kama mtoto wa dada yake anavunja hizi chuma kila siku. Nikasema kila siku. Akasema mwambie avae kitu kwa macho. Basi nimekuambia.

Habari ya shamba hakusema. Wala Njoka hajasema kiapo imefutwa, anasema hajui kama kiapo inafutwa. Kwa hivyo mimi ni mtu amehukumiwa na hakuna mtu ananifukuza. Mwalimu Ednah ameniandikia anauliza kama narudi ngumbaru. Sijui nimwambie mimi ni mtu wa wapi.

Vipande vyote nilikusanya na glavu ya Salesio ya saruji, nikafunga gunia, nikapeleka Embu kwa ofisi za serikali. Dirisha ya kwanza wakaniuliza ni shida gani. Nikasema ni urani. Wakanituma dirisha ingine. Hapo wakauliza ni ya nani. Nikasema ya wazungu walioenda. Wakauliza mwenye kuipokea anaitwa nani. Nilibeba hiyo gunia mpaka mikono ikakufa. Mwishowe mtu mmoja wa miwani akasoma barua yako ya sumu, ile ya kifuniko ya Kimbo, akarudi nyuma hatua mbili, akaniambia weka hapo pole pole. Hiyo nayo ni barua ya kusoma. Akaandika jina yangu na ya Mukiri. Ati watakuja kuuliza. Mukiri nimemtumia neno, anasema alikuwa na hiyo moja tu.

Bado sielewi. Chuma ni ile ile, mkono ni ile ile, mtu ni yule yule. Asubuhi ni muuaji, mchana ni jirani. Ukikuja Desemba utanieleza na mdomo.

Leo ni Jumapili. Jana tulianza kazi tena. Nilienda mapema na nyundo ya kawaida, ya duka. Salesio alikuwa amekaa kwa jiwe na tindo kwa magoti. Ukungu ilikuwa bado. Nikainua nyundo. Akasema, "Ngoja jua ipande." Nikamwambia hii ni ya duka, haijui baridi. Akasema, "Ngoja tu." Tukangoja. Tulikunywa uji.

Jua ikafika kwa jiwe, akasimamisha tindo. Nikainua nyundo tena. Mtu anayeshika tindo anaangalia tindo, hiyo ndiyo kazi, mimi nilimfundisha. Yeye hakuangalia tindo. Ile jicho moja ilikuwa inaniangalia mimi.

Nikapiga.

Baba yako, mtu wa Kanja,
Kithaka